Ulimi wa Mama na Meno ya Waingereza

Mama yangu aliacha kula machungwa mwezi wa saba, msimu ambao Muheza nzima inanukia machungwa. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nikaipata habari hiyo kwa simu, tena kwa kupita tu, kama mtu anayetaja kwamba umeme ulikatika jana. "Ulimi unawaka, mwanangu. Kama nimelamba pasi." Nikacheka. Nikamwambia apunguze pilipili. Mtu na shahada yake, mwandishi wa habari wa miaka kumi, ushauri niliompa ni uleule ambao jirani yake alishampa bure juu ya ua.

Ilituchukua mwaka mmoja na miezi miwili kujua ulimi ule ulikuwa unasema nini. Katika muda huo alipewa dawa ya fangasi mara mbili, dawa ya kusukutua iliyompa ladha ya sabuni, vidonge vya kuongeza damu, na katika kliniki moja ya meno, ambayo sitaitaja, aling'olewa magego mawili kwa maelezo kwamba ndiyo yaliyokuwa yanauchafua ulimi. Magego yenyewe, anasema, hayakuwa yanauma.

Baadaye, mambo yalipokwisha kujulikana, nilianza kusoma. Ndiyo kawaida yangu: nikishindwa kusaidia kwa wakati, nasoma. Nikakuta kwamba magego ya mama yangu yana historia. Yana ukoo kabisa, na ukoo huo unaanzia London.

Mwaka 1849 daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's aliwaeleza wenzake kuhusu upungufu wa damu ambao hakuweza kuuelewa. Wagonjwa hawakuwa wametokwa na damu. Hawakuwa na kifua kikuu wala uvimbe wowote aliouona. Walipauka tu, wakaishiwa nguvu, wakafa. Mwaka 1872 Anton Biermer, aliyekuwa Zürich, akauita kwa jina linalomaanisha upungufu wa damu unaoangamiza, na jina lilistahili, kwa sababu kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya hapo aliyeupata alikuwa anahesabu siku. Kulikuwa na dalili za kutisha: miguu kufa ganzi, kuyumba wakati wa kutembea, hata akili kuvurugika. Na katikati ya hizo kulikuwa na dalili moja ndogo mpaka inatia aibu kuitaja mbele ya mtu anayekufa. Ulimi ulikuwa unauma.

Aliyeichukulia dalili hiyo kwa uzito alikuwa Mskoti, William Hunter, daktari aliyefanya kazi London. Lazima nimtendee haki kabla sijamlaumu. Hunter aliangalia midomo ya wagonjwa wake kwa makini kuliko wenzake wengi. Aliona kwamba ulimi wa mgonjwa wa aina hii huwa mwekundu, unang'aa, laini kama nyama mbichi, vile vijinundu vidogo vinavyoufanya ulimi uwe na mkwaruzo vikiwa vimetoweka. Aliona pia kwamba wengi walilalamikia ulimi kabla hawajalalamikia kitu kingine chochote, wakati mwingine miezi kadhaa kabla ya damu kupungua. Mpaka leo madaktari wanauita ulimi wa namna hiyo kwa jina lake.

Halafu akafanya kosa ambalo wewe na mimi tungelifanya. Kwa kuwa ulimi ulitangulia, alihitimisha kwamba ulimi ndio mlango. Uchafu umeingilia mdomoni, akasema, kwenye meno mabovu na fizi zenye usaha, sumu ikamezwa, tumbo likaharibika, damu ikaliwa. Mwaka 1900 alichapisha makala katika jarida la madaktari la Uingereza akieleza kwamba uchafu wa mdomoni ni chanzo cha maradhi. Mwaka 1910 alikwenda Montreal, Kanada, akawahutubia wanafunzi wa udaktari wa McGill, na huko aliwashambulia hasa madaktari wa meno waliokuwa wakifunika mizizi iliyooza kwa vifuniko vya dhahabu na kulipwa vizuri kwa kazi hiyo. Kwa hilo la vifuniko, kwa kweli, hakukosea. Mizizi iliyooza chini ya dhahabu inabaki kuwa mizizi iliyooza.

Lakini wazo likishatoka mdomoni mwa mtu mwenye cheo halirudi. Marekani lilipokelewa kama mvua baada ya kiangazi. Chicago alikuwepo Frank Billings, mtu mkubwa katika tiba, aliyefundisha kwamba usaha mdogo uliojificha mahali fulani mwilini unaweza kuleta maradhi mahali pengine mbali kabisa. Basi, ukiwa na baridi yabisi, meno yanang'olewa. Ukiwa na moyo mbovu, meno. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aling'oa meno ya wagonjwa kwa maelfu akitafuta wazimu kwenye mizizi yake, na alipoukosa akahamia kwenye utumbo, ambako upasuaji wake uliua watu wengi. Cotton aliiamini kazi yake kiasi cha kung'oa meno yake mwenyewe na ya watoto wake. Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Swali ni kwa nini hawakugundua haraka kwamba wanakosea. Jibu linauma kuliko ulimi: kwa sababu mara nyingine ilionekana kufaa. Ule upungufu wa damu unaoangamiza ulikuwa na tabia ya kurudi nyuma wenyewe. Mgonjwa aliyekuwa hoi anapata nafuu, anakula, rangi inarudi, anakaa miezi mizuri, kisha unamrudia na kummaliza. Ukimng'oa meno mwezi wa tatu, akapata nafuu mwezi wa nne, nani atakuambia kwamba ingekuwa hivyo hivyo hata ungemwachia meno yake?

Wakati huohuo, kusini mwa Marekani, ulimi mwingine ulikuwa unatoa ushahidi wa aina nyingine. Pelagra ilikuwa imeenea huko mwanzoni mwa karne ya 20: ngozi inakuwa nyeusi na kubanduka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inayumba, na kinywa kinakuwa kidonda, ulimi mwekundu, umevimba. Wakubwa wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Joseph Goldberger, na yeye aliona jambo ambalo halikuhitaji darubini. Katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, waliokaa ndani walikuwa wanaugua, ila wauguzi na wafanyakazi hawaugui. Vijidudu gani hivi vinavyochagua cheo? Tofauti aliiona kwenye sahani. Waliokuwa ndani walilishwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati ya miwa. Wafanyakazi walipata nyama na maziwa.

Akabadilisha chakula cha yatima, pelagra ikaondoka. Kisha mwaka 1915 akafanya kinyume chake kwenye shamba la gereza huko Mississippi: wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya kusamehewa na gavana wakalishwa chakula kile cha kimaskini, na kati ya 11 waliofika mwisho, 6 wakapata pelagra. Sijui niseme nini kuhusu maadili ya jaribio hilo. Lilithibitisha, na lilikuwa la kikatili. Bado wapo waliokataa kuamini, kwa hiyo Goldberger, mke wake na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa na kumeza magamba ya ngozi zao na vitu vingine ambavyo sitaviandika kwa sababu pengine unasoma huku unakula. Hakuna aliyeugua.

Chakula gani hasa kilichokosekana? Hapo ndipo mbwa walipoingia. Kusini kulikuwa na ugonjwa wa mbwa ulioitwa ulimi mweusi, na mbwa hao nao walikuwa wanalishwa makombo ya mahindi. Goldberger na wenzake waliutumia ulimi wa mbwa kama kipimo: wape chakula cha mahindi mpaka kinywa kiharibike, kisha jaribu kitu kimoja kimoja uone kipi kinauponya. Hamira ilifaa. Goldberger alikufa mwaka 1929 kabla ya kujua ndani ya hamira kuna nini. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akawapa mbwa wenye ulimi mweusi kemikali iliyokuwa inajulikana kwa miaka mingi bila kazi ya maana katika tiba, nao wakapona. Leo tunaiita niasini.

Mahindi yana niasini, ila imefungwa humo na tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko, waliolima mahindi kabla yetu sote, huyachemsha na chokaa, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mahindi yalipovuka bahari kuja kwetu na kwenda Ulaya, maarifa ya chokaa yalibaki nyuma. Sisi tuna maharage, dagaa na karanga pembeni ya ugali, ndiyo maana wengi hatujawahi kuliona tatizo. Ila mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi, wakiishi kwa mgao wa mahindi, walipata pelagra kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao. Karanga tu. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka utotoni jinsi mama alivyokuwa anatia karanga za kutwanga kwenye kila mboga, na sisi watoto tulivyokuwa tunanung'unika.

Turudi kwenye damu. Ukombozi ulikuja kutoka jikoni. George Whipple, aliyekuwa anawatoa mbwa damu kisha anawalisha vyakula mbalimbali ili aone kipi kinairudisha upesi, aliona kwamba ini lina nguvu kuliko vingine. Boston, George Minot na William Murphy wakajaribu kwa wagonjwa wa ule upungufu wa damu unaoangamiza, na mwaka 1926 wakatangaza kwamba wagonjwa 45 waliokula ini kwa wingi kila siku wamepata nafuu. Watu waliokuwa wanasubiri kufa walisimama. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Minot mwenyewe alikuwa na kisukari, na aliiwahi insulini ilipoanza kupatikana miaka michache tu kabla ya hapo. Asingeiwahi, pengine hilo ini lingechelewa.

Ninayempenda mimi ni William Castle, kijana wa Boston vilevile, kwa sababu aliuliza swali la kitoto: mbona sisi wengine hatuli kilo za ini na hatufi? Akala nyama ya kusaga ambayo haijaiva vizuri, kama gramu 300, akasubiri saa moja, akajitapisha, akaiacha ile nyama iliyochanganyika na maji ya tumbo lake mpaka ikayeyuka, kisha akawapa wagonjwa kwa mpira. Walipata nafuu. Nyama peke yake haikufaa. Maji ya tumbo peke yake hayakufaa. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa anakosa kitu fulani tumboni, kitu ambacho mtu mzima wa afya anacho, kinachomwezesha kukipata kilichomo kwenye nyama. Mwaka 1948 hicho cha kwenye nyama kilipatikana kwa chembe ndogo nyekundu, Marekani na Uingereza karibu kwa wakati mmoja, kikaitwa vitamini B12. Umbo lake lilichorwa na Dorothy Hodgkin kwa miale ya eksirei miaka ya 1950. Alizaliwa Cairo, na habari ya Nobel yake ya mwaka 1964 ilimkuta Ghana, alikokuwa na mumewe.

Na ulimi? Ulimi ulikuwa umetangulia kwa sababu rahisi. Ngozi ya juu ya ulimi hubadilishwa na mwili kila baada ya siku chache, seli zinakufa, nyingine zinazaliwa, na kuzaa seli kunahitaji B12. Kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana ndicho cha kwanza kuonyesha kwamba malighafi imepungua. Vijinundu havizaliwi tena, ulimi unapata upara, na upara huo unauma ukiguswa na chungwa. Hunter aliliona hilo lote kwa macho yake. Alimwona shahidi akamkamata kama mwizi.

Kuna sura moja zaidi katika hadithi hii, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 1945, kabla B12 haijapatikana, Tom Spies wa Alabama aliwapa wagonjwa vitamini nyingine iliyokuwa mpya, asidi ya foliki. Ilifanya kazi. Damu ilipanda, ndimi zikapona. Kwa muda ilionekana kwamba mambo yamekwisha. Baada ya miaka michache ripoti zikaanza kuingia: wagonjwa wenye damu nzuri na ndimi nzuri walikuwa wanapata ganzi miguuni, wanayumba, wengine wanashindwa kutembea. Asidi ya foliki ilikuwa imeziba pengo kwenye damu na kwenye ulimi, wakati neva, zinazohitaji B12 yenyewe, zikiendelea kuharibika kimyakimya.

Sasa soma tena orodha ya dawa za mama. Vile vidonge vya kuongeza damu vilikuwa na madini ya chuma na asidi ya foliki. Alivitumia miezi minne. Na akanipigia simu, nakumbuka ilikuwa Jumapili, kuniambia ulimi umepoa, leo amekunywa chai ya tangawizi. Tukashukuru Mungu. Hizo ndizo siku ambazo alianza kusema anapotembea sakafuni anahisi kama kuna zulia ambalo hakulitandika.

Miguu ikahesabiwa kuwa ni sukari. Mama ana kisukari kwa miaka 12, na kila mtu anajua kisukari kinaua neva za miguu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi, mimi nikiwemo. Aliyeuliza alikuwa tabibu kijana katika kituo cha afya, siku mama alipokwenda kwa jambo lingine kabisa. Ulimi ulikuwa umeanza tena. Akamwambia, "Mama, hebu toa ulimi nione." Akauangalia kwa tochi ya simu muda mrefu mpaka mama akaona aibu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwaka mzima: "Shikamoo nimeshakupa, sasa niambie, unakunywa dawa gani, na tangu lini?"

Metformini. Miaka 12. Dawa nzuri ya kisukari, rahisi, inayotumiwa na mamilioni ya watu, na mama bado anaimeza, asije mtu akaacha dawa yake kwa sababu ya makala hii. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 imejulikana kwamba ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuzuia utumbo usichukue B12 ya kutosha. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mtumiaji wa metformini mwenye dalili za upungufu. Nusu karne! Na sisi hatuna hata hicho kisingizio cha Hunter kwamba vitamini ilikuwa haijagunduliwa.

Sitaki kumfanya kila mwenye ulimi unaouma akimbilie B12. Ulimi huuma kwa mambo mengi: chai ya moto, jino lenye ncha, fangasi kweli, hasa kwa mwenye kisukari au aliyetumia antibayotiki, na madini ya chuma yakipungua. Kidonda kimoja kisichopona kwa wiki tatu kionwe na mtaalamu haraka, maana kinaweza kuwa saratani, na hicho hakisubiri mtu asome historia. Ninacholalamikia ni kwamba kote tulikokwenda mama aliulizwa ulimi una nini, mara nyingi kwa sekunde kumi, akapewa kitu cha kupaka.

Kipimo kilifanyika Dar es Salaam, majibu yakaja baada ya siku tisa, kiwango kilikuwa chini sana. Akaanza sindano. Mara ya kwanza nilikwenda naye, nikaona muuguzi anavuta dawa kwenye bomba: nyekundu, nyekundu kabisa kama juisi ya rozela. Zile chembe za mwaka 1948. Nikataka kumweleza mama habari za ini, na yule kijana wa Boston na nyama yake, lakini alikuwa anakunja uso akisubiri sindano, nikanyamaza.

Ulimi ulipona ndani ya wiki tatu. Damu ilipanda. Mguu wa kulia umerudi karibu wote. Wa kushoto bado, vidole vitatu havisikii kitu, na yule tabibu alimwambia ukweli kwamba huenda visirudi, neva zilikaa muda mrefu mno bila chakula. Usiku anavaa soksi ili asije akakanyaga kitu bila kujua. Machungwa anakula, ila anatafunia upande mmoja, ule wenye magego.